Abdurrahman bin Auf (RA): Aliyeingia Madina mikono mitupu akauliza lilipo soko

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mola Mlezi wa viumbe vyote, Mwenye kukunjua riziki kwa amtakaye na kuidhikisha kwa amtakaye kwa hekima Yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na Masahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu msomaji, makala yetu ya Ijumaa ya leo imezaliwa na swali. Nilikuwa safarini kutoka Babati kwenda Katesh, tukasimama Mogitu, wilayani Hanang, mkoa wa Manyara, kwa ajili ya Swala ya Alasiri. Baada ya swala tulikaa kidogo na wenyeji wetu, na mazungumzo, kama ilivyo kawaida ya wilaya ile tangu mwaka 2023, yakafika kwenye mlima. Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, umewapa watu wake mvua, malisho na mashamba yenye rutuba. Lakini tarehe 3 Desemba 2023 mlima huo huo uliporomosha matope, mawe na magogo juu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Tunamuomba Allah awarehemu waliokuwa Waislamu, na awape subira wafiwa wote bila ya kuwabagua.

Basi kijana mmoja akaniuliza mambo mawili. La kwanza: ikiwa mtu aweza kulala na ghala lililojaa, na kabla ya adhuhuri akawa hana hata kijiko, ipo faida gani ya kuweka akiba? La pili: akiweka akiba ya vitu ambavyo watu huvihitaji siku ya dhiki, kama chumvi, sabuni, mbegu, misumari na mafuta ya taa, kwa nia ya kubadilishana na wenziwe fedha itakapokosekana, je, hatakuwa ameingia katika ulanguzi ambao dini imeukataza? Gari lilikuwa likitungoja, nikamjibu kwa ufupi na kumuahidi jibu refu. Jibu hilo refu, ndugu msomaji, ni maisha ya mtu mmoja: Sahaba mtukufu Abdurrahman bin Auf (RA).

MTOTO WA BONDE LISILOLIMWA

Abdurrahman alizaliwa Makka yapata miaka kumi baada ya Mwaka wa Tembo, katika ukoo wa Bani Zuhra, ambao ndio ukoo wa Bi Amina, mama yake Mtume (SAW). Kabla ya Uislamu jina lake lilikuwa Abdu Amri, na zipo riwaya zinazosema Abdul Kaaba. Ni Mtume (SAW) aliyembadilishia akamwita Abdurrahman, yaani mja wa Mwingi wa Rehema.

Ili tumfahamu mtu huyu hatuna budi kuifahamu Makka. Ni bonde la mawe lisiloota ngano wala mtende wa kutosha. Mtu wa Makka hakuweza kula alichokilima, kwa kuwa hakulima. Alikula alichokipata kwa kubadilishana. Ndiyo maana Makureshi walikuwa na misafara miwili mikubwa ambayo Qur'ani Tukufu imeitaja, mmoja wa majira ya baridi kuelekea Yemen na mwingine wa kiangazi kuelekea Sham. Walipeleka ngozi, manukato na bidhaa nyingine, wakarudi na nafaka, mafuta na nguo. Laiti misafara hiyo ingekatika miaka miwili, njaa ingeuingia mji mzima.

Katika maisha ya namna hiyo, elimu ya soko haikuwa anasa bali ni ulinzi wa nyumba. Kijana wa Makka alifundishwa kupima kwa jicho uzito wa mzigo wa ngamia, kutambua ngozi iliyoiva kwa dawa na ile iliyoharakishwa, kujua tofauti ya dinari ya dhahabu ya Warumi na dirhamu ya fedha ya Wafursi, na zaidi ya yote, kujua ni kitu gani kinachokosekana mji fulani na kinapatikana wapi. Abdurrahman alikulia humo. Baba yake, Auf, alikuwa mtu wa misafara, na vitabu vya sira vinaeleza kuwa aliuawa njiani akirejea kutoka biashara ya Yemen. Kwa hiyo mtoto yule alijua mapema mambo mawili kwa pamoja: kwamba biashara hulisha, na kwamba mali na mwenye mali vyaweza kupotea katika usiku mmoja.

KUPOTEZA MARA YA KWANZA NA YA PILI

Alisilimu mapema sana kwa mkono wa Abubakar Swiddiq (RA), akawa miongoni mwa watu wanane wa mwanzo. Waislamu wa wakati ule walilipa gharama ya imani yao. Katika mwaka wa tano wa Utume, sawa na mwaka 615 Miladia, dhiki ilipozidi, Mtume (SAW) aliwaelekeza baadhi yao waende Uhabeshi, kwa mfalme asiyemdhulumu mtu. Kundi la kwanza, ambalo halikufika watu ishirini, lilishuka pwani kwa siri na kupata majahazi ya wafanyabiashara yaliyowavusha Bahari ya Shamu kwa nauli ya nusu dinari. Abdurrahman alikuwamo. Hivyo ardhi yetu hii ya Afrika Mashariki ilimpokea akiwa mkimbizi, kabla ya ulimwengu kumjua kuwa tajiri.

Baadaye alirejea Makka, kisha ikaja Hijra ya Madina mwaka 622. Hapa ndipo penye kiini cha kisa chetu. Aliyehama hakuhama na ghala lake. Nyumba, wadeni, mifugo na bidhaa vilibaki mikononi mwa maadui. Wahajiri wengi waliingia Madina wakiwa na nguo walizovaa, na mji wenyewe ulikuwa wa wakulima wa mitende ambao nao hawakuwa na ziada kubwa. Kwa lugha ya leo tungesema palikuwa na maafa, na waathirika walikuwa wengi kuliko maghala.

Mtume (SAW) alilitatua jambo hilo kwa kuunganisha udugu baina ya Wahajiri na Ansari, mtu na nduguye. Abdurrahman aliunganishwa na Saad bin Rabii (RA), mmoja wa matajiri wa Ansari. Saad alimpokea kwa ukarimu ambao hadi leo unatutetemesha. Alimtaka agawane naye mali yake yote nusu kwa nusu. Akafika hata kumwambia kuwa yeye ana wake wawili, atamwacha mmoja ili eda yake ikiisha Abdurrahman amuoe.

Abdurrahman hakuudharau ukarimu ule wala hakuuchukua. Alimuombea nduguye baraka katika ahali yake na mali yake, kisha akaomba kitu kimoja tu: aonyeshwe lilipo soko.

JIBINI NA SAMLI

Akaelekezwa kwenye soko la Bani Qainuqaa. Asubuhi akaenda, akauza na kununua, na jioni akarudi na faida yake. Faida hiyo haikuwa dhahabu. Ilikuwa jibini kavu na samli.

Tusimame hapa kidogo, ndugu msomaji, maana wengi wetu tunapolisimulia tukio hili hulipita mbio na kukimbilia utajiri wake wa baadaye. Kwa nini jibini na samli? Jibini ya Waarabu wa wakati ule ilikuwa ni maziwa ya mgando yaliyokamuliwa maji yakakaushwa juani hadi yakawa magumu kama jiwe. Hukaa muda mrefu bila kuoza. Hubebeka katika mfuko. Hugawika, ukataka kipande kidogo utapata kipande kidogo. Mwenye nyumba huihitaji na msafiri huihitaji. Samli nayo ni hivyo hivyo: haiharibiki upesi, hupimika kwa kipimo kidogo, na hakuna jiko lisiloitaka. Wafugaji wa Hanang hawahitaji kuelezwa jambo hili, kwa kuwa wazee wao walibadilishana samli na ngozi kwa nafaka, na wanajua thamani ya chumvi ya Ziwa Balangida lililo chini ya mlima wao.

Hizo ndizo sifa za kitu kinachofaa kuwa akiba ya kubadilishana: kisiharibike upesi, kigawike, kibebeke, na kihitajiwe na kila mtu. Abdurrahman alizijua sifa hizo bila ya kuandikiwa. Bidhaa yake ilibaki Makka, lakini ujuzi wa kuitambua bidhaa alivuka nao jangwa. Kureshi waliweza kumfungia nyumba yake, hawakuweza kumfungia kichwa chake.

Aliendelea hivyo kila asubuhi. Haukupita muda mrefu, Mtume (SAW) akamuona ana athari ya manukato ya zafarani, akamuuliza habari yake. Akajibu kuwa ameoa mwanamke wa Kiansari, na kuwa amempa mahari ya dhahabu yenye uzito wa kokwa ya tende. Mtume (SAW) akamuombea baraka na kumwagiza afanye walima, walau kwa kondoo mmoja. Kutoka mikono mitupu hadi mahari ya dhahabu na walima, na hapana aliyemdai fadhila.

MALI YA SAAD

Kisa hiki kina upande wa pili ambao mara nyingi hatuuunganishi na huu wa kwanza. Katika mwaka wa 3 Hijria, sawa na mwaka 625, vilitokea Vita vya Uhud. Abdurrahman alipata majeraha zaidi ya ishirini, meno yake ya mbele yakavunjika, na mguu wake ukapata jeraha lililomwachia ulemavu wa kuchechemea hadi kufa kwake. Saad bin Rabii, yule ndugu yake mkarimu, aliuawa shahidi siku hiyo hiyo.

Saad aliacha mjane na mabinti wawili. Ndugu yake marehemu akaja akaichukua mali yote, kama ilivyokuwa desturi ya Waarabu kwamba mtoto wa kike hana fungu. Yule mjane akaenda kwa Mtume (SAW) na binti zake, akashitaki kuwa mabinti wasio na kitu hawaolewi. Ndipo ilipoteremka aya ya mirathi katika Sura An-Nisaa, na Mtume (SAW) akaamuru mabinti wapewe theluthi mbili, mama yao thumuni, na kinachobaki kiwe cha ami yao.

Tazama basi. Mali ile ambayo nusu yake alipewa Abdurrahman akaikataa, haikumaliza miaka michache kabla ya kuwa ugomvi, na wenye haki nayo wakawa ombaomba ndani ya nyumba yao. Lau Sheria ya Allah isingeshuka, ingepotea kwao yote. Ghala ni jambo jema, lakini ghala lina milango mingi: mafuriko huingia, moto huingia, mwizi huingia, na ami mwenye tamaa huingia. Anayewaachia watoto wake ghala peke yake, bila ya ujuzi na bila ya kuandika haki zao, amewaachia nusu ya akiba.

AKIBA YA MWAKA MMOJA NA MAOVU YA KUHODHI

Je, Abdurrahman aliidharau akiba ya vitu? La hasha. Alipokunjuliwa riziki alinunua ardhi Jurf, nje ya Madina, akailima kwa kumwagilia kwa ngamia ishirini wa kuteka maji, na humo akawa akitoa chakula cha familia yake cha mwaka mzima. Katika hilo alikuwa na kiigizo bora, kwani imethibiti kuwa Mtume (SAW) naye alikuwa akiwawekea ahali zake chakula cha mwaka kutokana na mitende ya Bani Nadhir. Na kabla yao wote Nabii Yusuf (AS) aliwafundisha watu wa Misri kuyaacha mavuno katika mashuke yake kwa miaka saba ya neema, ili yasiliwe na wadudu, yapatikane katika miaka saba ya ukame. Kwa hiyo kuweka akiba hakupingani na tawakkul. Aliyefunga ngamia wake kisha akamtegemea Allah ndiye aliyefanya yote mawili.

Kilichokatazwa ni kuhodhi, ambako wanachuoni wanakuita ihtikari. Mtume (SAW) amemwita mwenye kuhodhi kuwa ni mkosa. Nao wanachuoni wamebainisha mipaka yake. Anayenunua chakula wakati watu wana shida nacho, akakificha ili bei ipande, huyo ndiye mwenye kuhodhi. Ama aliyehifadhi mazao ya shamba lake, au aliyenunua wakati wa wingi ambapo hakumpunguzia mtu kitu, au aliyejiwekea chakula cha nyumba yake, huyo hayumo katika makatazo, maadamu watu wakidhikika hawafungii mlango.

Sisi tuliokuwa wadogo mwaka 1983 tunaukumbuka mpaka huo kwa macho yetu. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na matatizo ya uchumi yaliyofuata, sabuni, sukari na khanga vilikuwa vitu vya kusimuliwa. Serikali ikaanzisha msako dhidi ya wahujumu uchumi, na katika hofu ile wengine walitupa bidhaa zao usiku, hata wasiokuwa walanguzi. Ndani ya dhiki hiyo hiyo, mtaani kwetu kulikuwa na mzee aliyejua kupika sabuni kwa mafuta ya nazi, na mama mmoja mwenye cherehani. Hawakuwa na ghala. Lakini siku zote jikoni kwao palitoka moshi, kwa kuwa huyu aliletewa unga akatoa sabuni, na yule akaletewa samaki akageuza kola ya shati lililochakaa. Hakuna aliyewaita walanguzi, bali watu waliwaombea dua.

AKIBA ILIYOTOLEWA SARGHI

Akiba kubwa kuliko zote aliyoitoa Abdurrahman haikuwa chakula wala dinari. Katika mwaka wa 18 Hijria Waislamu walipatwa na misiba miwili. Hijazi ilikumbwa na ukame mkali ulioitwa Mwaka wa Majivu, ambapo Sayyidna Umar (RA) alijizuia asionje samli wala nyama mpaka watu wote wapate nafuu. Na Sham ilikumbwa na tauni ya Amwas, iliyoua watu kwa maelfu.

Umar (RA) alikuwa njiani kwenda Sham na Masahaba wengi. Walipofika mahali paitwapo Sarghi wakapewa habari ya tauni. Akawaita Wahajiri awatake shauri, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, wakahitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, wakashauri warudi, naye akaazimia kurudi, ingawa Abu Ubaida (RA) aliona hayo ni kuikimbia kadari. Kundi zima lilikuwa katika mtihani, na maisha ya watu yakining'inia juu ya jambo moja wasilolijua.

Abdurrahman hakuwapo, alikuwa amekwenda katika haja yake. Aliporudi akawaambia kuwa analo analolijua katika suala lile: amemsikia Mtume (SAW) akikataza kuingia katika nchi yenye tauni, na kukataza kutoka humo kwa kuikimbia ikiwa imewakuta. Umar (RA) akamhimidi Allah, na watu wakarudi. Neno moja, lililohifadhiwa kifuani kwa miaka, likatolewa siku lilipohitajika, bila ya bei. Na ni neno ambalo walimwengu walilirudia tena katika maradhi ya Uviko-19 mwaka 2020, miji ilipofungwa.

MACHOZI NA WASIA

Mali ya Abdurrahman ilikua mpaka ikawa mithali. Lakini mali haikumkalia moyoni. Siku moja aliletewa chakula cha futari naye amefunga. Alipokiona akamkumbuka Musab bin Umair (RA), aliyeuawa Uhud, ambaye hawakupata cha kumkafini ila kishuka kimoja: wakifunika kichwa, miguu ilibaki wazi, na wakifunika miguu, kichwa kilibaki wazi. Akamkumbuka na Hamza (RA). Akaogopa isije ikawa yeye na wenzake waliobaki hai wamekwisha kulipwa thawabu zao hapa duniani. Akalia mpaka akakiacha chakula.

Aliwahi kumuuzia Uthman bin Affan (RA) ardhi kwa dinari 40,000, akazigawa zote kwa jamaa zake wa Bani Zuhra, kwa mafakiri na kwa Mama wa Waumini. Umar (RA) alipojeruhiwa aliwataja watu sita wa shura, naye akiwemo. Abdurrahman akajivua ukhalifa yeye mwenyewe ili awe mwaminifu wa kuwauliza watu, akazunguka Madina mchana na usiku hadi Uthman akabaiiwa. Watu walimkabidhi jambo zito kuliko yote, kwa kuwa walikuwa wamemjaribu katika mizani ndogo ya sokoni.

Alifariki mwaka wa 32 Hijria, yapata mwaka 652, akiwa na umri wa miaka 75 kwa kauli mashuhuri, akazikwa Baqii. Katika wasia wake aliacha dinari 400 kwa kila aliyebaki hai katika watu wa Badri, nao walipatikana 100. Yule aliyeingia Madina hana kitu, aliondoka akiwa amewawekea akiba wenzake wa siku za dhiki.

JIBU KWA MTU WA MOGITU

Sasa nirudi kwa kijana wetu. Swali lake la kwanza lilikuwa juu ya faida ya akiba inayoweza kusombwa. Jibu ni kuwa weka akiba, lakini usiiweke yote mahali pamoja wala ya namna moja. Weka chakula cha nyumba yako. Weka kidogo cha vile visivyooza na vinavyogawika. Kisha jifunze na uwafunzishe wanao kazi ambayo jirani ataihitaji siku ambayo fedha haina kazi: kushona, kuchomelea, kujenga, kutibu mifugo, kuhifadhi mbegu, kutengeneza pampu. Tope linaweza kuchukua cherehani, lakini fundi akinusurika, ufundi umenusurika naye. Na ya mwisho ni uaminifu. Fundi mwongo hapewi unga wa kutanguliza, hata akiwa hodari.

Swali la pili lilikuwa juu ya kubadilishana. Hapa kuna hukumu ambayo wengi wameisahau kwa kuzoea noti. Mtume (SAW) alitaja vitu sita: dhahabu, fedha, ngano, shairi, tende na chumvi. Kikibadilishwa kwa jinsi yake, viwe sawa kwa sawa na mkono kwa mkono. Jinsi zikitofautiana, patana upendavyo, lakini mkono kwa mkono. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, vyakula vyote vimefuata hukumu hiyo. Basi mahindi kwa mahindi ni debe kwa debe. Mahindi kwa maharage au kwa chumvi, mwaweza kuzidishiana, lakini mkabidhiane pale pale. Jembe au sabuni kwa mahindi hapana uzito huo. Na kazi kwa mahindi ni ujira, basi ujira ujulikane kabla ya kazi kuanza.

Lipo jambo moja ambalo nalitaja kwa uchungu, maana nimelikuta katika vijiji vingi vya nchi yetu. Mwenye njaa hukopa gunia moja mwezi wa Januari akaandikiwa kulipa magunia mawili wakati wa mavuno. Hiyo si akiba wala si mabadilishano. Ni riba iliyovaa gunia. Anayemkopesha jirani gunia na arejeshewe gunia, thawabu yake kwa Allah ni kubwa kuliko gunia la pili. Na mwenye kuvuna katika msiba wa jirani ajue kuwa mlima haumchagui wa kumshukia.

Abdurrahman bin Auf alipata mtu aliyemtaka achukue nusu ya mali yake, akamuombea dua na kwenda sokoni. Alipokuwa na mali, akawa yeye ndiye mwenye kumtaka mwenziwe achukue. Mtu huweza kuwa Saad leo na kesho akawa Abdurrahman, na aliyejiandaa kwa hali zote mbili, hatafedheheka katika yoyote kati ya hizo, inshaallah.

Tunamuomba Allah (SW) aturuzuku mikono yenye kazi, maghala yenye zaka na nyoyo zisizofungiana milango. Awalinde ndugu zetu wa Hanang na mikoa yote kutokana na majanga. Wallahu a'lam. Tukutane Ijumaa ijayo, inshaallah.